Jina Lililobaki Kwenye Hati

Abudu Marjan alifariki huku watu wanamngoja awachekeshe.

Ilikuwa asubuhi, mwanzoni mwa mwaka 1974, kwenye soko la samaki la Ggaba. Abudu alikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, katikati ya wanawake wanaouza samaki aina ya ngege. Alikuwa anawasimulia kisa cha dereva mmoja aliyempakia mbuzi kiti cha mbele na mama mkwe wake nyuma, kwenye mizigo. Alipofika mahali penye utamu akanyamaza. Hiyo ilikuwa desturi yake. Wanawake wakangoja.

"Maliza basi, Mzee Marjan," alisema mmoja. "Samaki wanaoza."

Abudu hakumaliza. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kifuani. Moyo ulikuwa umesimama.

Nyumbani Mengo, mkewe Kaltumi alikuwa anakaanga vitunguu. Alisikia gari likisimama nje. Akaona wanaume wanashuka polepole, na wote wamevua kofia. Aliitenga sufuria pembeni. Hadi leo hajui vile vitunguu viliishia wapi.

Watu walikuja kwa wingi kutoa pole. Walilia, kisha mmoja akakumbuka kichekesho cha marehemu, wakacheka, kisha wakalia tena. Kaltumi hakukasirika. Alijua kwamba mumewe angefurahi kuzikwa hivyo.

Alikaa eda ndani ya nyumba, kama ilivyo kwa mjane wa Kiislamu. Mikono haikukaa bure. Kaltumi ni Mnubi, na kama wanawake wengi wa Kinubi alijua kusuka tabaga, yaani sinia za ukindu za rangi nyingi ambazo hufunikia chakula. Alisuka nyekundu, njano na zambarau. Binti yake, Rukiah, alizipeleka sokoni. Hivyo ndivyo walivyokula miezi ile, wakati chumvi na sabuni zilikuwa zimeadimika mjini.

Eda ilipokwisha, Kaltumi alivaa nguo nyeupe, akasema, "Rukiah, twende tukaiweke nyumba vizuri."

Kwanza walikwenda mahakamani. Wakapewa barua inayomruhusu Kaltumi kusimamia mali ya marehemu. Halafu wakaipeleka barua hiyo ofisi ya ardhi, ili jina la Kaltumi liandikwe kwenye hati ya kiwanja badala ya jina la Abudu.

Karani wa ofisi ya ardhi alikuwa Muganda mpole. Alifungua kitabu kikubwa, akasoma, akakuna shavu.

"Nnyabo, mama yangu, siwezi kuandika jina lako."

"Kwa nini, mwanangu? Barua ya mahakama hii hapa."

"Barua ni nzuri. Lakini hapa pana zuio. Liliwekwa mwaka 1967. Kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, akaomba nyumba isiuzwe wala isihamishwe mpaka alipwe. Jina lake ni Karsandas."

Kaltumi alilikumbuka jina hilo. Karsandas! Yule mfanyabiashara Mhindi aliyemuuzia Abudu magurudumu ya lori lake. Lakini deni lile lilikuwa limekwisha. Na Karsandas mwenyewe alikuwa ameondoka nchini mwaka 1972, pamoja na Wahindi wengine waliofukuzwa na serikali. Alikuja kuwaaga akiwa na masanduku mawili.

"Mwambie aje aliondoe," alisema karani.

"Nimwambie wapi, mwanangu? Hata nchi aliyokwenda siijui."

Jirani yao Maimunah alipoisikia habari hiyo, alikuja mbio, kanga ikiburutika.

"Dada Kaltumi, umekwisha! Nyumba zote zenye jina la Mhindi zinaandikwa. Wanapita na kuandika. Kisha anapewa askari mwenye nyota begani, na wewe unapewa siku ya kutoka."

"Lakini nyumba hii si ya Mhindi. Aliijenga Abudu. Wewe mwenyewe ulimwona akichanganya udongo."

"Mimi nilimwona. Lakini nani ataniuliza mimi? Wao wanasoma jina tu. Na jina lipo."

"Maimunah, umekuja kunipa moyo au kunitoa roho?"

"Nimekuja kukuambia ukweli. Na kama una ndizi za kukaanga, nitakula."

Kaltumi alicheka bila kutaka. Lakini usiku huo usingizi ulimkataa. Nyumba ile ilikuwa ndiyo yote aliyoachiwa. Wakimtoa, yeye na Rukiah wangekwenda wapi?

Jumamosi, jirani mwingine, Filda, alikuja kuomba chumvi. Filda alitoka Lira, kaskazini, na watu walimwita Mama Oloya. Kazi yake ilikuwa ukalimani mahakamani. Mtu akizungumza Kilango, lugha ya kwao Filda, au Kiswahili mbele ya hakimu, Filda aliyageuza maneno yake kuwa Kiingereza.

"Mama Rukiah, nisaidie chumvi kidogo."

"Chumvi? Siku hizi si uombe dhahabu moja kwa moja!"

Walicheka. Kaltumi akamgawia kijiko kimoja, kisha akamweleza habari ya zuio. Filda alisikiliza mpaka mwisho.

"Abudu alifilisika kwa njia ya mahakama?" aliuliza.

"Ndiyo. Lori lilipinduka na kuungua. Wadai wakawa wengi. Akaenda mahakamani, akasema hawezi kuwalipa wote."

"Halafu?"

"Wakaitwa wote. Wakakubaliana kwamba kila mmoja atapewa sehemu, na sisi tutabaki na nyumba. Mahakama ikakubali. Abudu akalipa kwa miaka mitatu. Mwaka 1970 kesi ikafungwa. Siku hiyo alichinja mbuzi. Alitembea mtaa mzima akipiga kelele, 'Imefungwa! Imefungwa!' Bibi mmoja akamshika mkono akilia, 'Umefungwa, mwanangu?' Abudu akasema, 'Si mimi, bibi. Kesi!'"

Filda alicheka mpaka akaweka chumvi chini.

"Na Karsandas alikubali mapatano?"

"Alitia sahihi. Akapokea sehemu yake. Alikula hata nyama— hapana, yeye hakula nyama. Alikula wali."

"Basi usiogope. Kesi hiyo ifunguliwe."

Kaltumi alisimama ghafla. "Kufungua kesi? Mama Oloya, nimshitaki nani? Karsandas hayupo. Nishitaki serikali? Unataka nami nizikwe?"

"Kaa chini. Sikusema kushitaki."

"Umesema kufungua kesi. Kufungua kesi ni kushitaki. Kila mtu anajua."

"Neno ni moja, mambo ni mawili," alisema Filda. "Mtu akianza kumshitaki mwenzake, tunasema amefungua kesi. Mimi nasema jambo jingine. Nasema faili la Abudu lilifungwa, na sasa lifunguliwe tena. Angalia sanduku lako lile. Tuseme umelifunga, halafu ukakumbuka kanga ya Maimunah imebaki ndani. Utafanya nini?"

"Nitalifungua, nitatoa kanga."

"Na nguo zako zitaruka nje?"

"Zitarukaje? Zina miguu?"

"Basi na deni haliruki nje. Faili linafunguliwa kwa jambo moja tu. Jina linatolewa, faili linafungwa tena."

Kaltumi alilitazama sanduku lake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Deni halitaamka?"

"Deni halikulala, Mama Rukiah. Lilikufa. Mapatano yakishakubaliwa na mahakama na kulipwa, mdai aliyeingia ndani yake hawezi kudai tena. Lakini Karsandas aliweka zuio kabla ya mapatano. Mahakama ilipofunga faili, hakuna aliyekwenda kuiambia ofisi ya ardhi. Mahakama ni nyumba moja, ofisi ya ardhi ni nyumba nyingine. Mlango wa huku ukifungwa, kule hawasikii."

"Abudu hakujua," alisema Kaltumi.

"Wengi hawajui. Wanachinja mbuzi na kwenda kulala."

Jumatatu Filda aliwaelekeza Kaltumi na Rukiah kwa Masinde. Huyu alikuwa afisa katika ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya watu waliofilisika. Masinde alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu. Aliposikia jina la Abudu, uso wake ulifunguka.

"Marjan wa lori? Yule aliyeniambia lori lake limekufa shahidi?"

"Huyo huyo."

"Alinichekesha mpaka nikasahau kumpa risiti. Ilibidi nimkimbilie nje."

Masinde alitafuta faili, akalipata. Mapatano yalikuwamo, na sahihi ya Karsandas ilikuwamo.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Tutaiomba mahakama ile ile iliyofunga faili. Haiwezi kuwa mahakama nyingine. Tutapeleka mapatano haya, barua yako ya kusimamia mali, na nakala kutoka ofisi ya ardhi inayoonyesha zuio. Nakala unayo?"

"Sina," alisema Kaltumi.

"Rudini mkaiombe. Bila hiyo, jaji ataondoa zuio gani? Halafu Karsandas lazima apewe taarifa."

Rukiah alishangaa. "Lakini ameondoka, mzee! Na ameshalipwa."

"Hata mtu aliyeondoka ana haki ya kusikia kwamba jina lake linataka kufutwa. Kama hapatikani, tunaandika taarifa gazetini na kuibandika ukutani mahakamani. Na kwa kuwa alifukuzwa, tunaipeleka pia kwa Bodi inayotunza mali za Wahindi walioondoka. Wakiwa na neno, waje waseme mbele ya jaji."

Walipotoka nje, Kaltumi alikuwa amekunja uso. Siku zile, mtu hakupenda jina lake lisomwe na wakubwa. Wengine walioitwa ofisini hawakurudi.

"Jina langu gazetini?" alimwambia Filda jioni. "Na Bodi nao waambiwe? Si ndio hao hao wanaoandika nyumba? Nitakuwa nimewaonyesha njia."

Filda alitazama mlango kwanza. Naye alikuwa mtu wa kaskazini, na siku zile watu wengi wa kwao walikuwa wamechukuliwa na askari.

"Njia wanaijua," alisema mwishowe. "Jina la Karsandas limo kitabuni. Yeyote anaweza kulikuta kesho. Mimi naona bora walisome siku ambayo wewe umesimama mbele ya jaji na karatasi zako mkononi."

Kaltumi alisuka usiku na mchana. Tabaga tano zikalipia nakala ya ofisi ya ardhi, gazeti na ada ya mahakama.

Siku ya kesi, alijifunga gurubaba, shuka lililotariziwa maua ambalo wanawake wa Kinubi hulivaa kwenye sherehe. Maimunah alimwangalia juu mpaka chini.

"Unakwenda mahakamani au unaolewa?"

"Nikishinda, nitakuwa nimeolewa na nyumba yangu."

Kabla ya kuingia, Kaltumi alimshika Filda mkono. "Wewe ndiye utakayenitafsiria?"

"Hapana. Mimi ni jirani yako. Mkalimani hatakiwi kuwa upande wa mtu. Atakuwa Ojara. Mimi nitakaa nyuma, na mdomo wangu nitaufunga."

"Huo nao ukifungwa, nani ataufungua tena?" alisema Maimunah.

Karani wa mahakama aliita kwa sauti kubwa, "Kalutumi Malijani!"

Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Rukiah akamsukuma mama yake. "Ni wewe, mama. Ndivyo anavyoweza kulitamka."

Jaji alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani. Pembeni alikaa mwakilishi wa Bodi, amevaa suti ya kijivu. Ojara, mkalimani, alikuwa kijana mrefu mwenye haraka.

"Umekuja kuomba nini?" jaji aliuliza kwa Kiingereza, na Ojara akatafsiri.

"Nimekuja kufungua kesi iliyofungwa, kwa ajili ya jina la Karsandas," alisema Kaltumi.

Ojara akamgeukia jaji, akatafsiri upesi. Kaltumi hakujua Kiingereza. Lakini neno moja alilijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye barua zote alizoletewa Abudu mwaka ule lori lilipoungua. Nyumbani kwao walilijua kama watu wanavyojua jina la ugonjwa. Lilikuwa neno la kushitaki.

Mwakilishi wa Bodi akainua kalamu. Jaji akakunja uso.

Kaltumi akainua mkono.

"Hapana, mheshimiwa! Samahani. Kijana huyu ametafsiri lile neno jingine. Mimi simshitaki mtu. Karsandas hana kosa. Alilipwa, akala wali kwangu, akaenda zake. Kuna faili mlilifunga ninyi wenyewe, hapa hapa. Naomba mlifungue, mtoe jina lililosahauliwa ndani, kisha mlifunge tena. Vitu vingine vyote vibaki palepale."

Ojara alitaka kuanza kutafsiri. Jaji akamzuia kwa mkono.

"Hiyo nimeelewa," alisema jaji kwa Kiswahili. Midomo yake ilikuwa inacheza. "Bwana Ojara, pumzika kidogo."

Watu wakacheka, na Ojara mwenyewe akacheka. Lakini mwakilishi wa Bodi alisimama.

"Mheshimiwa," alisema, "sheria inasema mali za walioondoka ziko chini ya Bodi. Madeni wanayodai ni mali pia. Kama Karsandas alikuwa na zuio juu ya nyumba hii, sasa zuio hilo ni letu."

Rukiah akashika gurubaba la mama yake. Kaltumi alitazama mbele tu.

Jaji akamgeukia Masinde. Masinde alisimama taratibu, kama kawaida yake.

"Bodi haiwezi kurithi kitu ambacho Karsandas mwenyewe hakuwa nacho," alisema. "Mwaka 1967 alikubali mapatano. Mwaka 1970 alimaliza kulipwa. Aliondoka mwaka 1972. Siku aliyoondoka, hakuwa anamdai Marjan chochote. Lililobaki ni jina tu."

Karatasi zilipelekwa kwa mwakilishi wa Bodi. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Akarudi wa kwanza. Kaltumi alidhani yule mtu anasoma Kurani nzima.

"Una ushahidi wa deni lolote baada ya mapatano haya?" aliuliza jaji.

Yule mtu akaweka karatasi chini. "Hatuna, mheshimiwa. Hatupingi."

Jaji akaandika. Kisha akasoma amri yake. Faili la Abudu Marjan limefunguliwa kwa jambo moja tu. Zuio la Karsandas liondolewe kwenye hati. Likiondolewa, faili lifungwe tena.

Maimunah alipiga kigelegele humo humo ndani. Askari wa mlangoni alimtazama kwa macho makali. Maimunah akakigeuza kuwa kikohozi.

Nje, Kaltumi alimkumbatia Masinde, ingawa hakuwa ndugu yake. "Twendeni nyumbani!" alisema. "Leo ni leo!"

"Nyumbani?" Filda alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Mama Rukiah, hapa ndipo marehemu alipochinja mbuzi!"

Kaltumi akajishika kichwa. "Wallahi! Nilikuwa nakwenda."

Basi walingoja nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama. Walingoja mpaka mchana ukageuka. Kisha wakaenda ofisi ya ardhi, wanawake wote wanne, kama msafara wa harusi usio na bwana harusi. Yule karani mpole aliwaona akatabasamu.

"Nnyabo, umempata Karsandas?"

"Nimepata amri ya jaji. Isome."

Karani alisoma amri, akautazama muhuri, akaingia ndani kwa mkubwa wake, akarudi. Akafungua kitabu kikubwa. Akapiga mstari mwekundu juu ya jina la Karsandas, na pembeni akaandika namba ya amri. Chini yake akaandika jina jipya, herufi moja moja.

"Usiondoke kabla hujasoma," alinong'ona Filda.

Kaltumi hakujua kusoma vizuri. Rukiah akainama, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Karani alikuwa ameandika Kaltumi kwa usahihi, bila kuongeza u.

"Soma tena," alisema Kaltumi.

Rukiah akasoma tena.

"Tena."

"Mama, karani anataka kufunga ofisi!"

"Mwache. Nimemngoja miezi, naye anaweza kuningoja dakika."

Jumapili ile, ua wa nyumba ulijaa. Wanawake wa Kinubi walileta ngoma zao, wakacheza doluka mpaka vumbi likapanda juu ya ukuta. Wanawake wa Ggaba walileta ngege wa kukaanga. Masinde alikuja na mkewe, akacheza vibaya sana, na watu wakampenda zaidi. Maimunah aliingia na mfuko wa sukari chini ya kanga.

"Sukari! Umeitoa wapi?"

"Kunywa chai, dada. Maswali mwachie jaji."

Hata Ojara alifika. Kaltumi alimpa tabaga ya zambarau ampelekee mama yake. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mama, tangu siku ile, nikisikia 'kufungua kesi', nauliza kwanza: ipi?"

Kaltumi alicheza kidogo, kisha akakaa kizingitini apumzike. Alitamani Abudu angekuwapo. Alilia kwa muda mfupi, huku ngoma zinalia, na hakuna aliyemkataza. Halafu Rukiah akamvuta mkono, akainuka tena.

Tangu wakati huo watu huja kumuuliza. Wengine walifilisika zamani, wakamaliza madeni yao, wakapewa karatasi ya mahakama. Kaltumi huwakaribisha chai. Kisha huwauliza kama walikwenda na karatasi hiyo mpaka ofisi ya ardhi, na kama walisoma wenyewe kilichoandikwa kule. Wengi hutikisa kichwa. Huwaambia watafute namba ya faili, waende mahakama ile ile iliyolifunga, na wasiogope neno kufungua.

Nyumba ya Mengo sasa imeandikwa kwa jina la Kaltumi Marjan, na yeye ndiye anayekaa ndani yake.